Tipu Imetoka: Kuisoma Hafla ya Lango la Mweka

"Tipu imetoka." Ukikaa kwenye lango la Mweka mchana wa msimu wa wageni, makundi yanaposhuka kutoka Mlima Kilimanjaro na magari yanasubiri kuwarudisha watu Moshi mjini, hutakosa kuisikia sentensi hii. Ni maneno mawili tu, lakini itazame sarufi yake. Mtendaji hayumo. Hakuna aliyetoa, tipu yenyewe ndiyo iliyotoka, kama mshahara unavyotoka mwisho wa mwezi, kama posho inavyotoka, kama matokeo ya kidato cha nne yanavyotoka. Hatusemi zawadi imetoka. Zawadi hutolewa, na aliyeitoa hutajwa.

Wagumu, jina ambalo wapagazi wa mlima huu wamejipa, wana namna nyingine za kulitumia neno hili, na zote zinaelekea upande uleule. Husema "tipu yangu" kabla fedha haijafika mkononi. Huuliza tipu ya safari iliyopita imeishia wapi. Na fedha ikipungua njiani, husema fulani "amekula tipu". Kinacholiwa kwa maana hiyo huwa ni haki ya mtu, au fedha ya umma, au ada ya shule iliyopitia mkono mbaya. Zawadi ambayo hujapewa haiwezi kuliwa na mwingine, kwa sababu haijawa yako.

Mgeni naye analitumia neno hilohilo, lakini kwa sarufi nyingine kabisa. Katika Kiingereza chake tip ni kitu anachokitoa yeye, kwa hiari yake, kwa kiasi anachoona kinafaa, kwa kuwa amependezwa. Kitenzi kina mwenyewe. Watu hawa wawili wamesimama kila mmoja hatua tatu kutoka kwa mwenzake, wanatamka neno moja, na mmoja anazungumzia fadhila huku mwingine akizungumzia stahili. Pengo hilo ndilo ninalotaka kulisoma, maana hafla nzima ya kutoa tipu imejengwa juu yake. Naiita hafla kwa kuwa ina mpangilio wake, wasemaji wake, wimbo wake na karatasi yake. Ni utanzu wa fasihi simulizi uliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro pamoja na utalii, na unastahili kuhakikiwa kwa makini yaleyale tunayoyatumia kwa ngoma au kwa mazungumzo ya posa.

Tuanze na neno. Kiingereza kina tip zaidi ya moja, na wanaotunga kamusi huziweka mbalimbali. Ipo tip ya ncha, sehemu ya mwisho ya kitu kilichochongoka. Ipo ya kuinamisha kitu mpaka kimwagike. Ipo ya kugusa kwa wepesi. Ipo ya dokezo analonong'onezewa mtu anayecheza kamari ya farasi. Na ipo ya fedha, ambayo asili yake haina heshima kubwa: ilitoka katika lugha ya siri ya wezi na wahuni wa Uingereza wa karne ya 17, ambako kitenzi hicho kilimaanisha kumpitishia mwenzako kitu mkononi. Kufikia katikati ya karne ya 18 Waingereza walikuwa tayari wakikitumia kama nomino, kwa fedha anayopewa mtumishi. Wapo wanaosimulia kwamba tip ni kifupisho cha maneno matatu ya kumhimiza mhudumu awe mwepesi. Hadithi hiyo ilitungwa baadaye. Waingereza wa enzi zile hawakuwa na desturi ya kuunda maneno kwa herufi za mwanzo.

Kiswahili hakikulipokea neno hili lote kwa mkupuo. Kilichukua vipande, kila kimoja kikaingia kwa mlango wake, na leo hakuna anayeviona kuwa ndugu. Tipa ni lori linalomwaga mchanga na kokoto kwenye viwanja vya ujenzi. Tips, ambayo vijana huitamka na s yake ya wingi hata ikiwa moja, ni dondoo za mapishi, za biashara au za kupita usaili. Tipu ni fedha ya mlimani, ya hotelini na ya safari za mbugani. Ile ya ncha hatukuihitaji, maana tulikuwa na ncha na kilele. Ila ncha yenyewe ya Kilimanjaro iliwahi kubeba neno la kigeni lenye maana hiyohiyo. Wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika juu mwezi Oktoba 1889, Meyer alipaita Kaiser-Wilhelm-Spitze, na Spitze kwa Kijerumani ni ncha. Jina hilo lilibadilishwa kuwa Uhuru baada ya Tanganyika kujitawala. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kama mwongozaji wa safari ile, alisubiri mpaka maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, ndipo akapewa heshima rasmi. Kwa hiyo habari ya nani anatajwa na nani hatajwi katika mlima huu ni ya zamani kuliko tipu.

(Na msomaji asilitafutie neno hili asili kwa Tippu Tip, yaani mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, ingawa utajiri wake wote ulipita kwenye mabega ya wapagazi. Jina lile husimuliwa kwamba lilitokana na mlio wa bunduki zake.)

Swali linalonisumbua ni kwa nini tipu ilishinda. Kiswahili kilikuwa na maneno yake, tena mazuri. Kifuta jasho humtazama aliyetoka jasho. Kiinua mgongo humtazama mwenye mgongo, na katika kazi ambayo mzigo unabebwa kichwani na mgongoni kwa siku 6 au 7, sijui neno gani lingefaa zaidi. Maneno haya mawili yanaanzia kwenye mwili wa mfanyakazi. Bakshishi, iliyotufikia kutoka Kiajemi, inaanzia kwenye mkono wa mtoaji. Asante inaanzia kwenye moyo wake. Lakini kiinua mgongo kilichukuliwa na ofisi kikawa malipo ya kustaafu, na kifuta jasho kikabaki kwa vijisenti vya mara moja, kama anavyopewa mtu aliyekusaidia kushusha magunia. Chai nayo ilishaharibika siku nyingi. Ukimwambia mtu akupe chai, watu wataangalia pembeni.

Watanzania tunajua kwa uzoefu jinsi neno la ukarimu linavyoweza kubebeshwa kitu kingine. Mwaka 2000 sheria za uchaguzi zilirekebishwa zikaruhusu takrima, wagombea wakakirimu wapiga kura kwa jina la mila, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba. Neno lilikuwa safi. Kilichowekwa ndani yake ndicho kilichohukumiwa. Naamini tipu ilipenya kwa urahisi mlimani kwa sababu ilikuja haina harufu yoyote katika pua zetu. Haikuwa rushwa, haikuwa sadaka, haikuwa mshahara. Ilikuwa chombo kitupu, na kila aliyekishika alikijaza alivyotaka.

Tutazame sasa kilichomo, kwa hesabu. Mzigo wa mpagazi unatakiwa usizidi kilo 20, nao hupimwa langoni kabla ya kupanda. KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi ulioanzishwa mwaka 2003 na wenye ofisi Moshi, unaojulikana kwa kuwaazima wagumu makoti na viatu bila malipo, umekuwa ukitetea ujira wa Sh 20,000 kwa siku. Tuchukue mfano wa safari ya siku 7 kwa njia ya Machame, wageni 4, kiongozi 1, wasaidizi wake 2, mpishi 1 na wapagazi 12. Tuseme wageni wamekubaliana kutoa kwa siku dola 20 kwa kiongozi, 15 kwa kila msaidizi, 12 kwa mpishi na 8 kwa kila mpagazi, viwango ambavyo si vya ajabu mlimani. Kiongozi atapata 140, wasaidizi 210 kwa pamoja, mpishi 84, wapagazi wote 672. Jumla ni dola 1,106. Mpagazi mmoja anaondoka na dola 56. Ukibadilisha kwa Sh 2,500 kwa dola, ni Sh 140,000. Sasa piga ujira wake: Sh 20,000 mara siku 7. Ni Sh 140,000.

Yaani katika mfano huu nusu nzima ya pato la mpagazi ni "zawadi", na hiyo ni pale anapolipwa ujira unaotetewa. Kwa anayelipwa pungufu, tipu inazidi nusu ya pato lake. Baada ya hesabu hiyo siwezi tena kuiona sentensi "tipu imetoka" kama lugha ya mtaani iliyolegea. Sarufi ya mgumu imeona sawasawa. Kitu kinachotarajiwa, kinachopangiwa kodi ya nyumba na ada, kinachokadiriwa kwa cheo na kwa siku, hutoka, hakitolewi.

Hafla yenyewe hufanyika kambi ya mwisho asubuhi kabla ya kushuka, au langoni, au kwenye ua wa hoteli mjini. Wafanyakazi husimama nusu duara, wageni wakiwa mbele yao. Kwanza ni utambulisho: kila mmoja hutaja jina na kazi yake. Hii ni sehemu ninayoipenda sana. Kwa siku 7 mgeni amewaona wagumu kwa migongo tu, wakimpita njiani na mahema na mitungi ya gesi, naye hajui nani ni nani. Sasa wamegeuka, wana nyuso na majina. Huyu alikuwa akichota maji. Huyu alibeba choo. Huyu, ambaye wenzake humwita injinia wa tumbo, ndiye aliyeleta uji kila asubuhi. Utanzu wenye uamuzi mmoja mzuri kama huu si utanzu dhaifu.

Kisha kiongozi huongea, na hapa ubora unaanza kuteremka. Hotuba yake ni ya fomula: anashukuru kwa kuchagua Tanzania, anawapongeza waliofika Uhuru, anawafariji walioishia Stella au Gilman's, chini ya kilele, anaomba watakaporudi kwao wawaambie wenzao. Fomula si kosa; posa pia ina fomula. Kosa ni kwamba fomula hii inazunguka kitu kilichowaleta watu hapo bila kukitaja. Kazi iliyofanywa haielezwi kwa uzito, kwa umbali wala kwa baridi. Inaelezwa kwa upendo: sisi ni familia, mmekuwa familia yetu. Mtu hamlipi ndugu yake ujira. Humpa chochote alichonacho. Neno familia linaposemwa wakati ule, hata kama limesemwa kwa moyo mweupe, linaisogeza tipu kutoka upande wa stahili kwenda upande wa fadhila.

Mgeni aliyechaguliwa na wenzake hujibu. Mara nyingi anaongea kwa hisia za kweli, wakati mwingine kwa machozi, na anaongea kirefu: usiku wa kupanda kutoka kambi ya Barafu, jinsi mikono ilivyokufa ganzi, jinsi mtu asiyemjua alivyomfungia kamba za viatu. Kiongozi hutafsiri. Tafsiri inakuja fupi: "Wanashukuru sana, wamefurahia kazi yetu." Wagumu wanapiga makofi. Kiasi kikubwa cha hotuba kimebaki Kiingereza, pamoja na ile habari ya kamba za viatu, ambayo ilikuwa ya mmoja wao aliyesimama palepale. Simlaumu kiongozi, amechoka kama wengine na gari linasubiri. Ila ukikisoma kipande hiki kama fasihi, utaona ni mazungumzo ambayo pande mbili zinasikia nusu nusu, na mwenye kusikia zote ni mmoja tu, naye ndiye anayekabidhiwa bahasha.

Halafu wimbo. Makundi mengi huimba Jambo Bwana, wimbo wa Them Mushrooms wa Kenya wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliobadilishwa maneno ili uhusu mlima wetu. Ni wimbo wa hotelini, wa kumkaribisha mgeni na kumhakikishia kwamba hapa hakuna tatizo. Unaimbwa na watu ambao kutwa nzima wamekuwa wakitatua matatizo. Wimbo wa pili, ule unaotaja Kilimanjaro na Mawenzi, una kitu kingine: baada ya kusifu urefu wa milima unamgeukia nyoka, na mwimbaji anamuuliza kwa nini anamzunguka, kama anataka kumla. Mgeni anacheza na kupiga makofi kwenye sehemu hiyo kwa sababu mdundo wake ni mtamu. Sisemi kwamba wagumu wanamkusudia mtu yeyote kwa nyoka huyo. Ni wimbo wa zamani wa kambini na shuleni, wengi wetu tumeuimba utotoni. Nasema tu kwamba maneno hayo ndiyo mahali pekee katika hafla nzima ambapo anayebeba mzigo anauliza swali zito, na limewekwa katika lugha na mdundo usioruhusu lijibiwe.

Nafasi ya wimbo nayo ina maana. Kuna makundi yanayoimba kabla ya fedha na makundi yanayoimba baada yake. Ukiwekwa mbele, wimbo ni ombi, na kila sauti inayopanda inaongeza uzito wa bahasha ambayo haijafunguliwa. Ukiwekwa nyuma, ni shukrani, na unaweza kulegea, ukawa mrefu au mfupi kadiri watu wanavyojisikia. Linganisha na kutuza kwenye taarabu. Pale mwimbaji ameshaanza, msikilizaji ameguswa na ubeti, anainuka mwenyewe katikati ya wimbo, anakwenda mbele watu wote wakimwona, anatoa fedha bila kuambiwa na bila mwimbaji kukatiza. Fedha inaijibu sanaa. Ni kweli mtuzaji huwa na ujumbe wake kwa mtu wa tatu aliyeketi ukumbini, lakini hakuna anayejifanya kwamba ile ndiyo mshahara wa bendi. Mlimani mpangilio umepinduka: sanaa ndiyo inayoijibu fedha, au inayoiita.

Kipande kilichobaki ndicho ninachokiona kuwa bora kuliko vyote, na ni kile kisicho na sauti: karatasi. Mara nyingi ni ya daftari, imepigwa mistari kwa kalamu. Safu ya kwanza cheo, ya pili idadi ya watu, ya tatu siku, ya nne kiasi kwa siku, ya tano jumla. Chini kabisa jumla kuu imezungushiwa duara. Haina familia wala upendo. Lakini karatasi hiyo ndiyo pekee inayotaja kazi kwa kipimo, ndiyo inayomtaja mpishi mstari wake na mpagazi mstari wake, na ndiyo inayozuia tipu isiliwe. Ndiyo maana KPAP imekuwa ikisisitiza kiasi cha kila mmoja kitangazwe mbele ya wote. Tarakimu zinaposomwa, nusu duara hunyamaza. Hazihitaji mkalimani. Kwa dakika ile moja mgeni na mgumu wanasikia kitu kilekile kwa wakati mmoja, jambo ambalo hotuba na nyimbo zote hazikuweza kulifanya. Kama mhakiki ningeulizwa sanaa ya hafla hii iko wapi, ningeonyesha utambulisho wa majina na karatasi hii, na ningeyaacha mengine.

Hadithi ya wapagazi na tipu haikuanzia kwetu. Marekani baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kampuni ya mabehewa ya kulala ya Pullman iliwaajiri wanaume weusi, wengi wakiwa wametoka utumwani, ikawaita porters, yaani wapagazi, ikawalipa kidogo na kuwaacha waishi kwa tip za abiria. Nao pia walitakiwa watabasamu. Tabasamu lilikuwa sehemu ya kazi, kama wimbo ulivyo huku. Mwaka 1925 walianzisha chama chao chini ya A. Philip Randolph, na mwaka 1937 wakapata mkataba na kampuni. Tip haikufutika siku hiyo. Kilichobadilika ni kwamba ujira ulijadiliwa mezani kama ujira.

Wapo wanaotaka tipu ifutwe Kilimanjaro na ujira upandishwe kufidia. Nawaelewa, lakini mgumu ana sababu ya kusita. Ujira wake unapita ofisini, mahali asipofika, kwa siku asiyoipanga. Tipu inapita mbele ya macho yake, wenzake wote wakiwa mashahidi. Kumwondolea kile anachokiona kwa ahadi ya kile asichokiona ni kumwomba imani kubwa mno. Mimi ningeanzia kwenye karatasi. Iongezwe safu ya sita, ya ujira wa siku ambao kampuni imekubali kumlipa kila mmoja, ili mgeni asome kwa pamoja anachotoa yeye na kinachotolewa na mwajiri, na aone kama fedha yake inaongeza pato au inaziba pengo. Isomwe kwa Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza, na asiyekuwa kiongozi. Mpishi anaweza, au mpagazi mzee kuliko wote. Hotuba ya mgeni itafsiriwe nzima, hata ikichukua dakika 10, na aliyefunga kamba za viatu atajwe kwa jina lake. Na wimbo uje mwisho, fedha ikiwa imeshagawiwa, kwa kundi linalojisikia kuimba.